Mbwa Asiyekula Usiku

"Mikononi mwangu hafi hata mbu," Vatsal alimwambia mdogo wake, na ili aaminiwe akanyoosha mkono ambao mbu alikuwa ameukalia akinywa kwa raha zake. "Mwangalie huyu. Atashiba, atashukuru, kesho ataleta na wajukuu. Sasa mbwa ndiye atanishinda?"

Dhwani hakucheka. Begi lilikuwa begani, treni ya Vadodara ilikuwa inamngoja yeye na mtihani wake wa uhasibu, na mikononi alishika kikapu alimolala Hathi. Hathi maana yake tembo. Jina alilitoa Vatsal, kwa kuwa mbwa mwenyewe, wa zile mbegu za mapambo zisizokua, hakufikia uzito wa pakiti ya sukari. Ukimweka kiganjani, kilichoning'inia ni mkia tu. Alikuwa na wiki tisa duniani.

"Nisikilize kwa masikio, kaka, siyo kwa meno. Vipakiti hivi nimevipima kimoja kimoja. Vitano kwa siku, na saa nimeandika juu. Vya usiku nimeviandika kwa kalamu nyekundu, cha saa mbili na cha saa tano. Hivyo ndivyo vya uhai. Mbwa mdogo hivi hana ghala mwilini. Akikaa muda mrefu bila kitu, sukari inashuka, na ikishuka hapigi kelele. Anazimika tu, kama simu."

"Na simu ikizimika si unaichaji?"

"Kaka!"

"Haya, haya. Nyekundu, usiku, uhai. Nenda kafeli mtihani wako salama."

Dhwani alimbusu mbwa kati ya masikio, akakabidhi kikapu kama mtu anayemkabidhi mcheza sarakasi yai, akashuka ngazi. Siku kumi, alisema. Siku kumi tu.

Siku hiyo ndiyo iliyofungua zile siku nane kubwa za mfungo, ambazo ya mwisho ni ya kuombana msamaha. Kwetu sisi Wajaini, ambao dini yetu inakataza kuua kiumbe chochote, jua likizama mdomo hufungwa hata siku za kawaida. Chakula cha gizani kinaweza kuwa na kidudu usichokiona, na kidudu nacho kina roho. Lakini Bibi Kanchan, bibi yao mzaa baba, alikuwa ameapa zaidi ya hapo. Siku zote nane angekunywa maji ya kuchemsha tu, nayo mchana tu. Umri wake miaka sabini na minne. Baba na mama walikuwa Surat wakimuuguza shangazi, kwa hiyo katika nyumba ile ndefu na nyembamba ya mtaa wa ndani wa Ahmedabad walibaki watatu: kijana mwenye mdomo, bibi mwenye njaa, na tembo wa kiganjani.

Alasiri ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Hathi alikula kipakiti cha saa tisa, akalamba bakuli hadi likamkimbia sakafuni. Bibi aliliokota kwa kupapasa, maana macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, akaliosha, akalifudikiza dirishani. Halafu akakaa kwenye bembea yake ya ndani, ile ya mbao iliyoning'inia kwa minyororo katikati ya sebule, akaanza kujisukuma polepole kwa kidole cha mguu. Kikapu cha Hathi kilikuwa chini, pembeni.

Jua lilipozama, Vatsal alikuwa langoni mwa mtaa akicheza keram. Saa mbili ilipita akishinda. Saa tatu ilipita akishindwa, na mtu anayeshindwa ndiye hasa hawezi kuondoka. Aliporudi ilikuwa saa nne na nusu, sebule giza, minyororo ya bembea inalia kri, kri.

"Mbwa amekula?" Bibi aliuliza.

Hapo ndipo angeweza kusema nimesahau, akafungua kipakiti chekundu, kisa kikaishia hapo. Lakini Vatsal alikuwa mtu wa kujibu kwanza, kufikiri baadaye.

"Nilimpa giza lilipoingia, kabla sijatoka, akakataa. Tangu jua lizame hagusi kitu. Bibi, mbwa huyu Mjaini kunishinda mimi."

Bembea ilisita kidogo, kisha ikaendelea. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Kalitazama bakuli, katazama dirisha, kaona giza, kajilaza."

Bibi alicheka, kicheko kidogo kikavu cha mtu anayetunza nguvu. Vatsal naye alifurahi kumchekesha, akaenda kulala. Kipakiti cha saa tano kilibaki kwenye rafu. Njaa ikimwuma ataamka, alijiambia. Kwa bahati Hathi aliamka asubuhi, akala kama askari wa likizo.

Kesho yake Bi Kokila wa nyumba ya tatu alikuja kumjulia hali Bibi, kama inavyompasa jirani kwa mtu anayefunga. Bi Kokila ana sauti ambayo mtaa wetu ungeweza kuitumia kama king'ora. Bibi alimpa habari za mbwa, kwa mazungumzo tu. Kufika adhuhuri, mpaka mwosha magari wa langoni alikuwa anazijua.

"Vatsal mwanangu, ni kweli hali usiku?" Bi Kokila aliuliza.

"Uliza mwenyewe, Bi Kokila. Mimi msemaji wake tu."

"Basi leo jioni tunakuja kuona."

Kichwa cha Vatsal kilikuwa chepesi kwa mambo kama haya. Saa kumi na moja jioni, mtaa ukiwa kimya, alifungua vipakiti vyote viwili vyekundu kwa pamoja na kumpa Hathi. Mbwa alikula mpaka akawa duara. Jua lilipozama, wanawake watatu walikuwa wameketi sakafuni. Vatsal aliweka bakuli kwa heshima kama mhudumu wa hoteli. Hathi alilinusa, akapiga mwayo, akageuka.

"Oo!" wanawake walisema kwa pamoja.

"Alikuwa mtawa katika maisha yaliyopita," Bi Kokila alinong'ona, na kunong'ona kwake kulivuka barabara. "Alikosa jambo dogo tu akazaliwa mbwa."

"Kwa ukubwa huu," Vatsal alisema, "alikosa dogo sana."

Walicheka, hata Bibi. Usiku ule Vatsal alijisifu kimoyomoyo. Chakula ni kile kile, vipakiti ni vile vile, kilichobadilika ni saa tu. Tumbo litajuaje saa?

Siku ya tatu walikuja kumi na wawili. Siku ya nne watu walisimama mpaka kwenye ngazi. Mmoja alileta kitambaa cheupe cha hariri, mwingine alileta mwanawe anayechelewa kusema. Hathi alipita kutoka paja hadi paja tangu asubuhi hadi jioni, akipigwa picha, akipulizwa usoni, akiamshwa kila alipolala. Vatsal aliukariri ule mstari wa kalitazama bakuli, katazama dirisha, na kila alipourudia uliongezeka neno. Kwenye bembea Bibi alikaa wima katika sari yake nyeupe ya siku kubwa, midomo imepauka, uso unang'aa. Tangu babu afe, ngazi ile haikuwahi kukanyagwa na watu wengi hivyo kwa ajili yake.

Siku ya tano, saa moja asubuhi, Vatsal alirudi kutoka kwenye mnara wa njiwa, alikotumwa na Bibi kumwaga mtama kama kila siku. Njiwa wa mtaa mzima walikuwa wameshiba. Aliweka kipakiti cha asubuhi kwenye bakuli. Hathi hakuja. Alimtoa kikapuni akamsimamisha, na miguu ya mbele ikatanuka kila mmoja upande wake, kama ya meza iliyolegea misumari. Alipiga hatua tatu za mlevi, akaanguka kwa ubavu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu.

Bi Kokila alikuwa keshafika. "Msimguse! Yumo katika tafakari."

"Anatetemeka," Bibi alisema. Alikuwa ameshuka kwenye bembea akapiga magoti, vidole vyake juu ya mbwa, navyo vinatetemeka vivyo hivyo. "Baridi kama chura. Vatsal, mpeleke. Kimbia!"

Katika bajaji alimweka ndani ya shati, kifuani. Alitazama ufizi wake: ulikuwa mweupe kama tui. Kila shimo la barabarani kile kimwili kilistuka, na kila kilipotulia Vatsal alihesabu mpaka kilipostuka tena. Hakupata utani wowote wa kusema. Dereva alimtazama kwenye kioo, akazima muziki.

Daktari Mansuri alikuwa mwanamke mfupi aliyekunja mikono ya koti mpaka kwenye viwiko. Hakusalimia. Alichota sukari kwenye kopo lake la chai, akailowanisha kwa matone ya maji, akausugua ufizi kwa kidole. Kisha akatafuta mshipa katika mguu mwembamba kama njiti, akasukuma maji ya sukari polepole, huku anauliza bila kumtazama.

"Alikula lini mara ya mwisho?"

"Jana."

"Jana ni siku nzima. Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Na sasa saa mbili asubuhi. Saa kumi na tano. Nani alikwambia umfungishe?"

"Daktari, sisi nyumbani tuna desturi..."

"Desturi naijua, majirani zangu wote ni nyinyi. Wewe una ini la kuweka akiba, unaweza kukaa bila kula mpaka uone malaika. Huyu ini lake ni punje ya dengu. Na bibi yako anafunga kwa hiari yake. Huyu alitia sahihi wapi?"

Baada ya robo saa, sikio moja la Hathi lilitikisika. Halafu ulimi ukatoka, mwekundu kidogo, ukatafuta ladha pembeni mwa mdomo. Vatsal aligundua kwamba alikuwa analia, na kwamba daktari ameona, na kwamba ameamua kuyaacha yapite.

"Nyumbani mna asali?"

"Asali haiingii kwetu, daktari. Ni jasho la nyuki."

"Basi chukua hii." Alimpa kichupa cha maji mazito ya sukari. "Kila baada ya saa tatu ale, usiku na mchana. Akilegea, tone kwenye ufizi, kisha umlete. Umfunike, na asipitishwe mikononi mwa watu kama sahani ya peremende. Leo umeniwahi. Ikirudi tena usiku ukangoja asubuhi, usije kwangu. Sitakuwa na la kufanya."

Mtaani walikuwa wamejaa langoni. "Daktari kasemaje?" Bi Kokila aliuliza.

Ukweli ulikuwa umefika kwenye meno. Vatsal alinyanyua macho akamwona Bibi juu, ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, shingo imenyooka kusikiliza. Siku tano bila punje. Nitamwaibisha mbele ya watu, alifikiri. Uongo ukishapata bibi wa kujificha nyuma yake, hunenepa.

"Uchovu tu," alisema. "Kasema watu wapungue."

Usiku wa tano na wa sita alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, ila alikifanya kama mwizi. Simu ilitetemeka chini ya mto kila baada ya saa tatu. Alimpandisha Hathi paani ndani ya taulo, akamlisha kiganjani punje kwa punje, gizani, ili bakuli lisilie. Mbwa alikula, akamlamba kidole gumba, akalala kwenye kwapa lake. Katika usiku ule wa sita Vatsal alimweleza mambo mengi. Alimwambia Dhwani akirudi atamwambia yote. Alimwambia siku nne si nyingi. Hathi alipiga chafya.

Siku ya saba ilikuwa usiku wa nyimbo. Kuna desturi kwamba anayekaribia kumaliza nane huimbiwa, na wanawake wa mtaa wakaamua wataimba kwa Bibi Kanchan na kwa mbwa wake pamoja. Watu hawakupungua. Walijaa tangu mchana, na Hathi akashinda tena mapajani. Kipakiti cha saa tisa alikila nusu. Cha saa kumi na moja alikinusa tu.

Kwanza ilikuwa sala ya jioni ya kuungama, inayosaliwa gizani bila taa. Kikapu kilikuwa katikati ya duara la wanawake. Vatsal alikaa mlangoni, kichupa mfukoni, akisikiliza Bi Kokila akiyataja makosa ambayo mtu huweza kumfanyia kiumbe. Maneno haya ameyasikia tangu tumboni mwa mama yake, na yalikuwa yamempita kila mara kama maji juu ya jani. Kumfunga. Kumpiga. Kumkata kiungo. Kumbebesha mzigo uliomzidi. Kumnyima chakula na maji.

Kumnyima chakula na maji.

Alitambaa. Giza lilikuwa upande wake. Alifika kwenye kikapu, akatia kidole kwenye kichupa, akatafuta mdomo mdogo, akaupata. Ulimi ulimgusa mara moja, dhaifu.

"Nani huyo?" Bi Kokila alikatiza sala. "Nani anamsumbua?"

Ilitosha kusema: mimi, ninamlisha, anakufa. Maneno matatu. Mtu ambaye hajawahi kukosa neno maishani mwake alikosa hayo matatu.

"Mimi, Bi Kokila. Namfunika."

"Mwache mtawa wetu, mwanangu. Rudi kwa wanaume huko ngazini."

Alirudi kwenye ngazi. Nyimbo zilianza, kengele ndogo za mkononi, makofi. Alijiambia wakimaliza saa sita atamchukua. Saa sita walianza upya. Alijiambia saa nane. Kichwa chake, kilichokesha siku mbili, kilimwangukia magotini.

Kimya ndicho kilichomwamsha. Mbingu ilikuwa ya kijivu juu ya mnara wa njiwa. Wanawake walikuwa wamekwenda, na Bibi alikuwa amejilaza kwenye bembea, amefunika uso. Vatsal alipiga magoti kwenye kikapu, akamimina kichupa kizima kwenye ule ufizi, akasugua, akasugua, sukari ikamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Hathi alikuwa mwepesi kuliko kawaida, na mgumu.

Siku ya msamaha ilianza hivyo. Mtaa ulipopata habari, haukulia sana. Bi Kokila alisema mbwa amejichagulia siku, maana hakuna siku bora kuliko hii, na kwamba sasa atazaliwa juu. Walimfunga kwa kile kitambaa cheupe cha hariri, kilibaki kingi. Walimwomba Vatsal aseme mbele ya watu jinsi ilivyokuwa ile jioni ya kwanza. Naye akasimama. Kalitazama bakuli, alisema. Katazama dirisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo.

Kufika adhuhuri watu walitawanyika kuombana msamaha nyumba hadi nyumba, mikono imefumbatana. Simu yake ililia. Dhwani.

"Kaka, leo naanza na wewe. Nisamehe. Kwa kujua au kwa kutojua, kama nimekukosea. Na nimekukosea kweli, mwenzio. Siku ile nilikwenda stesheni nalia, nilidhani utamsahau siku ya kwanza tu. Nilikudhania vibaya."

Vatsal aliishika simu kwa mikono yote miwili. "Nimekusamehe," alisema.

"Hathi yuko wapi? Mweke asikie sauti yangu."

"Amelala."

"Haya, asisumbuliwe. Keshokutwa nipo hapo. Asante, kaka. Asante sana, ndugu yangu."

Nyuma yake mnyororo ulilia kri, ukanyamaza. Hakujua kama Bibi alikuwa macho. Aligeuka, na kwa kuwa ndiyo siku yenyewe na hakujua afanye nini kingine na mikono yake, aliinama akamgusa miguu.

"Bibi, kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

"La kutojua liondoe," Bibi alisema.

Aliinua kichwa.

"Ile jioni ya kwanza, bakuli niliosha mimi, nikalifudikiza dirishani. Uliporudi ukaniambia umempa akakataa, ukaenda kulala, niliinuka nikaligusa. Lilikuwa limefudikia vile vile. Kavu."

"Bibi, macho yako..."

"Mtoto wa jicho yuko machoni, Vatsal. Mikononi hayupo." Alivuta pumzi; siku nane zilikuwa zimemla hata sauti. "Nilijua tangu usiku ule. Na harufu ya vile vyakula vyake kwenye shati lako, ulipokuwa unatoka paani, niliijua pia. Nikanyamaza. Watu walipanda ngazi, wakauliza hali yangu. Nikasema, kesho nitasema. Jana usiku nilikuwa nimekaa karibu yake kuliko wewe."

Vatsal aliketi sakafuni, miguuni pake.

"Hii njaa yangu niliitaka mwenyewe. Yeye hakuna aliyemwuliza." Aliunyoosha mkono. "Lete simu."

"Bibi, ana mtihani. Keshokutwa akija nita..."

"Lete."

Alimpa. Bibi aliileta simu karibu kabisa na jicho, akatafuta kwa kidole mahali alipofundishwa kubonyeza, akabonyeza. Kisha hakuiweka sikioni. Aliishika kati yao wawili, sauti juu, akimtazama mjukuu wake kwa yale macho yenye ukungu mweupe.

Iliita mara moja tu.

"Bibi?" Dhwani alisema, kwa furaha. "Hathi kaamka?"